Simu ya babu haikuwa ya Mjerumani

Baada ya arobaini ya babu tulikaa ukumbini pale nyumbani Ngamiani tugawane vile vitu vyake vidogo vidogo, baba mdogo akachukua baiskeli, shangazi akachukua saa ya ukutani, mimi bibi akaniita chumbani, akafungua kabati la nguo akatoa kitu kimefungwa kwenye kanga kuukuu akaniambia hii babu yako alisema upewe wewe, wewe ndo ulikuwa unaichezea. Hata kabla sijafungua nilishajua ni nini kwa ule uzito. Ile simu nyeusi.

Wote tuliokulia ile nyumba tunaijua. Ilikuwa inakaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na tangu nizaliwe haijawahi kulia hata siku moja. Waya wake umekatwa, kimebaki kipande kama cha dhiraa moja, na huo waya wenyewe si wa plastiki, umesukwa kwa uzi wa kahawia kama kamba ya viatu. Halafu pale mbele, kwenye simu za zamani panapokaaga lile duara lenye matundu la kuzungushia namba, hii haina. Pana kifuniko cha duara kitupu, cheusi, kimekaa kama jicho lililofumbwa. Tulikuwa tunaambiwa duara lilivunjika zamani, na kila mgeni aliyeuliza hii simu vipi alipewa jibu moja tu: hiyo ya Mjerumani.

Kama we ni mtu wa Tanga hapo umeshanielewa. Kwetu kitu chochote kizee ni cha Mjerumani. Reli ya Mjerumani, hiyo kweli kabisa, walianza kuijenga hapa hapa Tanga 1893 na Moshi wakafika 1911. Boma la Mjerumani, kweli, liko pale mjini mpaka leo na ndani kuna makumbusho ya Urithi. Lakini cherehani ya bibi nayo eti ya Mjerumani wakati imeandikwa Singer, kampuni ya Marekani, na taa ya chemli ya Mjerumani, na kufuli la stoo la Mjerumani. Nadhani ni kwa sababu ya ile vita ya Novemba 1914, jeshi la Mwingereza lilivyoletwa kwa meli toka India likapigwa hapa likarudi melini, na zile hadithi za nyuki waliowafukuza askari ambazo kila mtoto wa Tanga kasimuliwa. Basi kitu kikishakuwa cha zamani tu tunakipeleka huko moja kwa moja, hatuulizi tena.

Na hilo jina la Mjerumani lina hatari yake, nataka niseme wazi maana yamenikuta. Niliweka picha ya simu kwenye status ya WhatsApp nikaandika tu urithi wa babu. Hazikupita siku mbili nikapigiwa na dalali mmoja, sitamtaja, kapewa namba yangu na mtu, anauliza hiyo ni ya Mjerumani? Nikajibu ndivyo tunavyoambiwa. Akaja kesho yake na mwenzake, wamebeba sumaku na bisibisi. Kumbe hawa ndo wale wale wanaozunguka kutafuta rupia za Mjerumani chini ya mibuyu, safari hii wanatafuta merikuri. Wanasema vitu vya Mjerumani ndani vina merikuri nyekundu, gramu chache tu unajenga ghorofa. Akaniambia ikiwa na mali ndani ananipa milioni mbili, isipokuwa nayo elfu hamsini. Mi nimeenda jikoni kuwaletea maji ya kunywa, narudi nakuta kaigeuza juu chini, kachomeka bisibisi pembeni anabinua. Nikasikia ta! Kona ya chini imemeguka, kipande kama ukucha wa dole gumba kimerukia chini ya kochi.

Nililia siku ile, sioni aibu kusema. Babu aliitunza miaka yote ile bila mchubuko, mimi imenikaa wiki tatu tu imevunjika.

Kwahiyo kabla sijaendelea, mwenye kitu kama hiki nyumbani anisikilize. Hakuna merikuri. Mwaka 2009 uvumi huu huu ulivuma Saudi Arabia, watu wakanunua vyerehani vya zamani vya Singer kwa bei za ajabu wakitafuta merikuri nyekundu, na ulikuwa uongo mtupu. Ndani ya simu ya zamani utakuta vikombe viwili vya kengele na kinyundo katikati yake, koili za shaba, kapasita na nyaya. Basi. Mtu akija na sumaku usimfungulie mlango.

Ila lile tukio ndo lililoniamsha. Nikasema hiki kitu lazima nikijue mwenyewe, nisingoje kuambiwa na mtu yeyote tena. Usiku ule nikakaa na tochi ya simu yangu naikagua simu ya babu kila upande. Chini kuna bati limeshika kutu, maandishi yake hayasomeki. Lakini kwenye mkono wa simu, upande wa ndani pale vidole vinaposhikia, nikaona kuna herufi zimejitokeza kwenye mwili wenyewe. Nikapaka unga kidogo nikafuta juu, zikasomeka: 164, pembeni 56, na herufi S.

Nikaanza kuzigugo, nikaangalia picha za simu za kila nchi mpaka nikaipata yangu sura ile ile, mabega yale yale yanayoteremka, na kitako kipana. Hii ni simu ya Mwingereza. Ni ya familia wanayoiita mfululizo wa 300, Posta ya Uingereza ilianza kuitoa 1937, na yangu ni ile ya namba 332. Hiyo 164 ni aina ya mkono wa simu, na 56 ndo mwaka, yaani 1956! Mjerumani alishaondoka nchi hii karibu miaka 40. Na umbo lenyewe asili yake si Uingereza, lilichorwa na msanii wa Norway anaitwa Jean Heiberg mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa ajili ya kampuni iliyokuwa inashirikiana na Ericsson ya Sweden, halafu likasambaa dunia nzima. Kabla ya hapo simu nyingi za mezani kengele yake ilikaa kwenye sanduku lake pembeni, hii ikaweka kila kitu ndani ya mwili mmoja. Mwaka 1959 Waingereza wakaleta ya plastiki nyepesi, na hizi nzito zikaanza kuondolewa taratibu.

Nikapeleka habari kwenye grupu la familia. Baba mdogo hakukubali. Akauliza hiyo S ni nini, nikamwambia Siemens Brothers. Akajibu papo hapo, unaona sasa, Siemens si Mjerumani huyo? Na kweli, jina ni la Kijerumani. Mwanzilishi wake alikuwa mdogo mtu wa yule Siemens wa Berlin, kahamia Uingereza, na kiwanda chake kilikuwa Woolwich, London, tangu 1863. Lakini mpaka 1956 ilikuwa kampuni ya Kiingereza tupu. Kwahiyo baba mdogo ana haki ya herufi moja, hiyo nimempa kwa moyo mweupe.

Sasa huu mwili wake ulionimegukia unaitwa bakelaiti. Aliyeutengeneza ni Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907, ndo plastiki ya kwanza duniani iliyotengenezwa yote na binadamu. Ukishaganda haiyeyuki tena hata kwa moto wa pasi, ila ukiudondosha au ukiubinua unapasuka kama chungu. Kuna namna ya kuupima bila kuuharibu, unasugua sehemu moja kwa dole gumba kwa nguvu mpaka pawe pa moto halafu unanusa haraka. Nilisugua. Ikaja harufu kali ya dawa, kama wodi ya zamani iliyopigwa deki, na chini ya hiyo nikasikia harufu ya kabati la bibi, karafuu na nguo zilizokaa. Usiuoshe kwa maji kabisa, unafifia na ndani vyuma vinaota kutu. Kitambaa kikavu, Brasso kidogo sana, ukimaliza unapaka nta.

Lakini hapo nilikuwa nimejua simu tu, babu bado. Babu tulijua alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, ndo hivyo, hakuwa mtu wa kusimulia. Simu ilifikaje nyumbani hakuna aliyekuwa anajua, hata bibi anakumbuka tu kwamba siku moja alikuja nayo imefungwa kwenye gunia nyuma ya baiskeli.

Jirani yetu akaniambia kuna mzee Chumbageni alikuwa fundi wa laini Posta na Simu, tangu enzi za Afrika Mashariki kabla jumuiya haijavunjika 1977, nenda kamuone. Nikaenda Jumamosi asubuhi. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, karibu. Nikafungua kanga. Yule mzee hakusema kitu, aliichukua kwa mikono miwili akaiweka mapajani, akainua mkono wa simu akautikisa karibu na sikio lake kisha akanipa mimi nisikilize. Unasikia? Nilisikia kama mchanga mkavu kwenye kopo. Akasema hizo ni punje za kaboni, ndo zinazobeba sauti. Ukiongea sauti yako inazibana na kuziachia, zikibanwa umeme unapita mwingi, zikiachiwa unapungua. Zikikaa miaka mingi bila kutumika zinashikana, ndo maana wazee walikuwa wanagongagonga simu mezani kabla ya kuongea. Na nikakumbuka babu, hata hizi simu za batani za sasa alikuwa anazigonga kwanza kwenye kiti. Tulidhani ni mazoea tu ya uzee.

Nikamwambia mzee bahati mbaya duara lake lilivunjika. Akanitazama akasema nani kakudanganya, hii haijawahi kuwa na duara. Akanionyesha kile kifuniko cheusi, kimetengenezwa kiwandani, kimekaa sawasawa kabisa pale mahali pake. Simu hii ilikuwa ya kwenda kwa opareta, yule mtu wa kuunganisha simu. Yenye duara, ukizungusha namba 5 linaporudi linakatakata umeme mara tano, mikato kumi kwa sekunde, na mashine kule inahesabu. Hii haihitaji. Ukiinua mkono tu, umeme unatoka kwenye betri za kule kule kwenye swichibodi, taa inawaka mbele ya opareta, anachomeka waya wake anakuuliza nikupe nani? Mashamba makubwa ya mkonge yalikuwa na swichibodi zao wenyewe, mzee anasema yeye kafunga nyaya za mashamba mpaka kazichoka.

Miaka yote tulikuwa tunaionea huruma kama kitu kilichovunjika, kumbe ilikuwa nzima.

Mzee akaingia ndani akatoka na simu yake moja ya zamani na betri ya pikipiki, akaunganisha nyaya, simu yake, betri, simu yangu, akanituma nikasimame nje nyuma ya ukuta na ile yangu. Nikaweka sikioni. Kwanza mkwaruzo, akapiga kelele igonge! Nikaigonga kwenye kiganja mara mbili. Halafu sauti yake ikaja, nzito, ya puani kidogo, ipo karibu mno kuliko simu yoyote niliyowahi kuongelea: haloo Muheza, haloo Muheza. Mwili ulinisisimka wote. Kengele haikulia, akasema kengele inataka umeme mwingine wa kwenda na kurudi, kama volti 75 hivi, betri haiwezi.

Wakati anafungua nyaya ndo akaniuliza, na kwenye droo kuna nini? Droo gani mzee? Akaigeuza, akanionyesha chini mbele kuna kijisahani cha bati kimejificha, kinatakiwa kivutwe kama mtoto wa meza. Kutu ilikuwa imekishika. Nikasema mzee tuache isije ikavunjika tena. Akasema mimi sivunji. Akaweka tone la mafuta ya cherehani kila upande, tukanywa chai kwanza na mkate wa kumimina, tukaongea habari za bendi ya Atomic Jazz na mpira wa uwanja wa Mkwakwani, karibu saa nzima, kisha akaivuta kwa kucha taratibu ikateleza yenyewe.

Ndani kulikuwa na kadi. Imegeuka rangi ya chai, na juu yake mwandiko wa penseli, mwandiko wa babu, ile M yake yenye mkia tunaijua sote toka kwenye daftari la madeni.

Meneja 1. Ofisi 2. Korona 5. Godauni 6. Dispensari 9. Halafu chini mstari umepigwa, imeandikwa Stesheni, omba laini ya nje, mabehewa, kila siku kabla ya saa 1.

Ilibidi nikae chini.

Kwa sababu miezi ile ya mwisho babu akiwa kitandani, alfajiri alfajiri alikuwa anaamka ameshtuka anauliza mabehewa yamekuja? Kila siku. Mabehewa yamekuja? Sisi tulikuwa tunamwambia babu lala, tulia, hakuna behewa. Shangazi alisema homa imempanda kichwani. Hakuna aliyewahi kumjibu.

Mzee wa Chumbageni ndo akanieleza. Mkonge ukishatoka korona, yaani ile mitambo ya kuchana majani yake, ukaanikwa, ukapigwa brashi, unafungwa marobota unakaa godauni kusubiri treni ije Tanga bandarini. Na bandari yetu meli kubwa zilikuwa haziegeshi ukutani, zinatia nanga nje, mzigo unapelekwa na matishari. Behewa likichelewa, tishari linachelewa, meli inaondoka, na marobota yanabaki. Mwanzoni mwa miaka ya 60 nchi hii ndo ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, 1964 zilitoka zaidi ya tani 230,000, na zote zilikuwa zinasubiri mtu kama babu ainue simu kabla ya saa 1 asubuhi aulize mabehewa.

Kuhusu bei, maana najua ndo mtauliza. Nimekaa nikifuatilia wanaouza Uingereza. Nyeusi kama hii ambayo haijafanyiwa ukarabati nimeona zinatajwa toka pauni 50 mpaka 100 na kitu, iliyosafishwa na kuwekewa nyaya mpya inapanda juu ya hapo. Nyeusi ndo zilikuwa nyingi. Wanaolipwa vizuri ni wenye za rangi, nyekundu, nyeupe ya maziwa, na ya kijani ndo wanaipigania zaidi. Isiyo na duara bei inashuka kwa sababu wanunuzi wengi wanataka ya kupigia. Waya wa uzi wa asili unaongeza thamani, kwahiyo kama unao usiubadilishe na wa plastiki. Kona iliyomeguka inashusha sana. Kwa hesabu hiyo simu ya babu ikifika laki mbili itakuwa imejitahidi. Kadi ya penseli sijaona popote mtu kaipangia bei, na yule dalali angeifungua yeye angeitupa pamoja na kutu. Siuzi. Kipande kilichovunjika nimekihifadhi ndani ya droo mpaka nipate fundi wa kukirudishia, kadi nimeitoa nimeiweka kwenye bahasha mahali pakavu.

Jioni ile niliporudi nilimkuta bibi uani anachambua mchele. Hasomi bila miwani na miwani ilikuwa ndani, nikamsomea. Meneja 1, ofisi 2, korona 5. Nilipofika kwenye mabehewa akaacha ungo. Akakaa kimya, nikadhani hakusikia vizuri nikataka kurudia. Akasema, alikuwa anatoka usiku hata jogoo hajawika, mi nilikuwa nagomba naye, namuuliza we shamba lile ni la baba yako? Akaniambia wasipoulizwa hawaleti.

Halafu akaniomba nimletee simu. Nikaileta nikaiweka mbele yake juu ya mkeka. Akafuta mikono kwenye kanga, akainua ule mkono wa simu, akauweka sikioni.

Akasema, yamekuja.